Saa Tisa ya Abu Nasir

Tulimwacha Mashavu kijiko kikiwa hewani, pilau imo ndani yake, na mdomo wazi.

Yule kijana wa Kisaudi kwenye kiboti cha mbio alikuwa ameshatoa habari yake na kuondoka, povu likimfuata nyuma. Lakini maneno aliyoyaacha yalibaki palepale, katikati ya khori ya Obhur, yakielea.

"Kasema nini?" aliuliza Ussi kutoka tezi, nyuma kabisa ya boti, ameushika usukani kwa mikono miwili.

Shangazi yake, Bi Nunu, alishusha sahani. Bi Nunu, Mungu amrehemu, alikuwa na miaka kumi na tatu Jiddah, katika nyumba yake ya vyumba viwili mtaa wa Hindawiyah, na Kiarabu cha huko alikuwa akikitema kama kokwa za tende.

"Kasema bosi wako kasimama gatini. Yeye na mama yake mzazi. Wanakungoja wewe na bomba lao hili."

"Kwani saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

"Basi kawahi mwenyewe. Tumeagana saa tisa."

"Naam," alisema Bi Nunu. "Na huyu mtoto kasema wapo hapo tangu saa tisa."

Samia, binti wa Ussi mwenye miaka saba, ndiye aliyeuliza walichokuwa wakijiuliza wote.

"Tangu saa tisa ya jana?"

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungiwa kashata kabla hujalisoma, habari ni hii.

Miaka ile fedha ya mafuta ilifika Saudia kabla watu hawajajua pa kuipeleka. Abu Nasir, tajiri wa Riyadh muuza mabomba, alikwenda Uingereza kutibiwa goti. Huko akaona kwenye mto boti ndefu, nyembamba kama kalamu, bibi na bwana wazee wamekaa juu yake wanakunywa chai. Akainunua palepale, pamoja na birika la chai.

Boti ilikuwa na urefu wa hatua ishirini na tano. Upana wake, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Milango imechorwa mawaridi. Mwendo wake ni wa mtu anayekwenda msikitini na bado hajasikia adhana.

Abu Nasir aliapa kuwa mtu wa kwanza kustarehe ndani yake atakuwa mama yake, Bibi Munira wa Jiddah, ili chombo kipate baraka. Ussi, dereva wake, na Kariuki, fundi Mkenya, walitakiwa waijaribu mashine asubuhi ya Alhamisi, kisha waifikishe gatini saa atakayowatajia kwa simu.

Simu ilipigwa nyumbani kwa Bi Nunu. Aliyeipokea ni Mashavu.

"Saa tisa," aliwaambia wenzake.

Saa tisa alasiri. Siku nzima ya bure. Bi Nunu akapakia sufuria ya pilau.

Na Mashavu huyu ndiye aliyekuwa na lake kubwa siku hiyo. Kwa miaka sita alikuwa na mume wa kaseti. Ussi alijirekodi Riyadh, chumbani kwake mtaa wa Shumaisi, kaseti ikabebwa na msafiri, Mashavu akaisikiliza Unguja. Samia alipokuwa mdogo alidhani baba ni redio. Sasa walikuwa wamekuja kwa ruhusa ya miezi mitatu, na ruhusa ilikuwa inakwisha Jumamosi. Abu Nasir, kafili wa Ussi, yaani mdhamini wake wa kazi, alikuwa ameahidi kuwatilia saini karatasi ya kuombea ikama, kibali cha ukaazi, wakae kihalali na mume na baba yao, chini ya paa moja. Angeitia leo, mama yake akishafurahi.

Karatasi ilikuwa kifuani mwa Mashavu, imekunjwa mara nne.

"Mke wangu," alisema Ussi polepole. "Hebu niambie tena alivyosema."

"Kasema saa tisa."

"Kwa Kiarabu."

"Kwa Kiarabu ndiyo saa tisa. Kwani mie sijui Kiarabu? Nimesomesha chuo cha Kurani miaka minane."

Bi Nunu alijipiga paja.

"Yarabi toba. Mwanangu, Mwarabu wa leo akisema tisa, mkono mdogo wa saa uko kwenye tisa. Ni saa tatu yetu. Saa tatu asubuhi."

Mashavu alikirudisha kijiko sahanini. Alilijua hilo. Miezi mitatu amekuwa akiziona saa zao ukutani na kuzihesabu upya kichwani. Lakini jana, sikio lilipoletewa neno la nyumbani, lililipokea bila kulikagua. Saa ni saa. Tisa ni tisa. Babu zetu walilichukua neno kwa Waarabu, muda wake wakawaachia wenyewe.

"Kwa hiyo," alisema Kariuki, akichomoza kichwa chenye mafuta kutoka kwenye mashine, "mzee ame-wait almost three hours. Kwa jua. Na mamake."

"Umesomea hesabu, Kariuki?" aliuliza Bi Nunu.

"Kidogo."

"Basi zisomee ndani."

"Tunageuza," alisema Ussi.

Msomaji, kusema ni rahisi. Alhamisi, khori ya Obhur ilikuwa kama soko. Viboti vya mbio, mapikipiki ya majini, watoto kwenye matairi, na familia za matajiri kwenye magati yao wanachoma nyama. Katikati yake, bomba la hatua ishirini na tano linataka kupinda.

"Left, Ussi," alisema Kariuki. "Sukuma left."

Ussi alisukuma kushoto. Boti ikaenda kulia.

"Nimesema left."

"Nimesukuma kushoto."

"Hii haina steering ya gari kama ile Kaprisi ya mzee, bwana. Ukisukuma huku inaenda kule. Si nilikuambia asubuhi?"

"Uliniambia kwa Kiingereza."

Sasa boti ilikuwa imelala kukingama khori, omo ya mbele ikielekea nyama ya watu na tezi ya nyuma ikielekea watoto kwenye matairi. Viboti vilisimama pande zote mbili, honi zikilia. Bwana mmoja alipanda juu ya kiti cha boti yake akawauliza jambo refu kwa mikono yake yote.

"Huyo anasemaje, Bibi?" aliuliza Samia.

"Anatusalimia."

Omo iliendelea mbele taratibu, bila haraka na bila haya. Ikaingia chini ya turubai la kivuli la familia iliyokuwa ikila. Familia ikanyanyuka na sinia lake. Kamba zikakatika moja moja. Boti iliporudi nyuma, ilirudi na turubai, limeifunika omo yote kama shela ya bibi harusi.

"Samahani," alipiga ukelele Mashavu.

"Usiseme kitu wewe," alisema Ussi. "Umeshasema jana."

Hilo lilimchoma. Alikwenda akakaa peke yake omoni, chini ya turubai la watu, mkono umeshika karatasi kifuani. Jumamosi ni keshokutwa. Aliona kiwanja cha ndege, Samia akilia, na redio mezani.

Hatimaye boti iligeuka, ikashika njia ya gatini kwa mwendo wake uleule wa msikitini. Mtembea kwa miguu ufukweni akawapita. Akafuata mzee mwenye mkongojo.

Ndipo ilipotokea pikapu.

Ilikuwa pikapu ya muuza samaki, nyeupe, magamba yanang'aa ubavuni. Ilikuja kwenye njia ya mchanga kandokando ya maji, ikapunguza mwendo hadi ikawa sambamba na boti. Nyuma, kati ya matenga matupu, alisimama mtu mnene mwenye kanzu nyeupe, ameshika paa la gari kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono wa pili.

"Bosi," alisema Ussi.

"Mbona na pikapu ya samaki?" aliuliza Mashavu.

Ussi aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo. Zilikuwa funguo za Kaprisi, gari la bosi.

Bi Nunu alifumba macho. "Umemfungia na gari."

Abu Nasir hakuwa mtu wa matusi. Alisema kwa sauti ya chini kuliko walivyotarajia, na maji yakaifikisha yote.

"Ussi. Boti yangu nzuri?"

"Nzuri, bosi."

"Inakwenda?"

"Inakwenda, bosi."

"Hizo nguo kwenye paa la boti yangu, ni za nani?"

Kanga mbili za Bi Nunu na suruali ya Samia zilikuwa zikikauka juani.

"Za... za shangazi yangu, bosi."

"Nasikia harufu ya nyama."

"Pilau, bosi."

Pikapu ilijongea. Boti ilijongea. Hakuna aliyeweza kumkimbia mwenzake.

"Ussi," alisema Abu Nasir, "nilimwahidi mama yangu kuwa wa kwanza. Amekaa juu ya jiwe tangu saa tisa. Jiwe, Ussi. Ukifika gatini nipe funguo zangu. Halas, kazi imekwisha. Karatasi zenu usiniletee."

Kiarabu hicho kilikuwa chepesi. Mashavu alikielewa chote.

Alisimama. Ussi alimwashiria akae, Bi Nunu alimvuta nguo, yeye akapanda juu ya paa la boti, kati ya kanga na suruali, akajifunga mtandio vizuri. Kiarabu chake hakikuwa cha sokoni wala cha simu. Kilikuwa cha chuoni, cha vitabu, kila irabu mahali pake, na sauti yake ilikuwa ile iliyokuwa ikiwanyamazisha watoto arobaini kwa mara moja.

"Ewe bwana mtukufu," alianza. "Hakika mume wangu hana kosa. Hakika aliyekosa ni mimi. Niliambiwa tisa, nikaifahamu kwa hesabu ya watu wangu, nayo ni baada ya adhuhuri. Basi nihukumu mimi, wala usimhukumu asiyesikia."

Honi zilinyamaza. Yule bwana wa mikono, aliyekuwa akiwafuata nyuma, aliishusha mikono. Dereva wa pikapu alikanyaga breki, Abu Nasir akakaa juu ya tenga bila kutaka.

Kioo cha mlango wa pikapu kikashushwa. Ndani, kando ya yule muuza samaki, alikuwamo bikizee mdogo, amejifunika gubigubi, macho tu nje.

"Nani huyo anayezungumza kama kitabu?" aliuliza.

"Si mtu, yumma," Abu Nasir alimjibu mama yake. "Mke wa dereva. Alikosea saa."

"Alikosea nini?"

"Nilimwambia tisa, yeye akadhani ni alasiri."

"Ni alasiri," alisema Bibi Munira.

Abu Nasir alifungua mdomo.

"Nyumbani kwa baba yangu," aliendelea bikizee, "jua likizama ndiyo saa kumi na mbili. Tisa ilikuwa wakati wa kahawa ya alasiri. Mmezigeuza nyinyi, na mahoteli yenu na ndege zenu. Leo umeniamsha, umenivuta, umeniketisha juu ya jiwe saa ambayo sijapiga hata mswaki. Nikakwambia ni mapema. Hukunisikia. Huyu mwanamke ametoka ng'ambo ya bahari, na yeye peke yake ndiye aliyeshika saa yangu."

"Yumma..."

"Nipandishe chomboni. Na hilo turubai mliloweka kunikinga na jua, limependeza."

Bi Nunu alimgeukia Ussi. "Sukuma upande wa kosa," alisema kwa kunong'ona, "ufike upande wa haki."

Ussi alisukuma upande wa kosa. Boti ikalisogelea gati la watu kwa upole, kana kwamba imezoea.

Waliompandisha Bibi Munira ni Kariuki na Abu Nasir, mmoja mbele mmoja nyuma, kwa kuwa mlango haukuruhusu vinginevyo. Alikaa kwenye benchi, akatazama mawaridi, akapewa pilau, akala, akaomba tena. Abu Nasir alikula akiwa amesimama, kwa hasira, sahani mbili.

Boti ikang'oa nanga. Ussi alirudi tezi, mashine ikinguruma miguuni pake. Kule nyuma hakuna alichosikia isipokuwa hiyo mashine, na hakuna alichokiona isipokuwa vichwa. Lakini vichwa vilikuwa vinacheka, na hilo lilimtosha kuanza kupiga mbinja.

"Nisomee," alisema Bibi Munira kumwambia Mashavu.

Mashavu alimsomea sura fupi. Kisha nyingine. Bikizee alilifuta jicho kwa ncha ya shela yake.

"Wajukuu zangu wananisomea kama wanakimbizwa na mbwa," alisema. "Una haja gani, binti?"

Mashavu hakungoja kuulizwa tena. Alitoa karatasi kifuani, akaikunjua mara nne, akailaza gotini pa Bibi Munira. Bikizee hakujua kusoma maandishi ya serikali, akampa mwanawe.

"Tia saini."

Abu Nasir aliitazama karatasi, akamtazama mama yake, akachomoa kalamu. Samia alimshika mama yake kidole.

"Lakini atakaa kwangu," alisema Bibi Munira.

Kalamu ilisimama.

"Kwako wapi, yumma?"

"Kwangu. Hapa Jiddah. Atanisomea asubuhi na alasiri. Alasiri kwa saa yangu. Na mtoto atakaa naye, nimempenda, hanyamazi. Andika hapo mahali pa kukaa: Jiddah."

Bi Nunu, aliyekuwa akimtafsiria Samia kwa sauti ndogo, alimeza neno la mwisho. Haikuhitajika tafsiri. Ussi kazi yake Riyadh. Kutoka Riyadh hadi Jiddah ni kutwa nzima ya gari, jangwa mwanzo mpaka mwisho, na Abu Nasir humtembelea mama yake mara nne kwa mwaka. Mashavu alifanya hesabu haraka. Alikuwa anatolewa kwenye kaseti za ng'ambo ya bahari, anatiwa kwenye kaseti za nchi kavu.

"Siwezi kumkatalia mama yangu," alisema Abu Nasir, na safari hii alikuwa anamwonea Mashavu huruma hasa. "Wala siwezi kumlazimisha mke wa mtu. Akikubali, naandika Jiddah na ikama itatoka. Akikataa, Jumamosi ni Jumamosi. Mwenyewe aseme."

Macho yote yakamgeukia.

Mashavu alitaka kusema jambo moja tu: nipeni nafasi nikamuulize mume wangu. Hatua ishirini na tano, nende nirudi. Alilitafuta kwa Kiarabu. "Nafasi" kwa kitabu ni nini? Aliona asije akakosea tena, neno likawa jingine, wakarudi kwenye jiwe. Akakusanya midomo, akafikiri, akaanza kuufungua mdomo.

Bi Nunu aliuona mdomo ule ukifunguka, akaukumbuka ulivyofunguka jana kwenye simu. Moyo ukamlipuka.

"Mashavu," aliita kwa ukali.

Na Mashavu alikuwa mtoto wa watu. Alilelewa Unguja na mama aliyemfinya paja kila alipomwitikia mkubwa kwa "nini" au "ee". Mkubwa akikuita, mwanamwali, unaitika namna moja tu, hata ukiwa usingizini, hata nyumba ikiwa inaungua.

"Labeka," aliitika.

Bibi Munira aliinua viganja viwili juu.

"Mmesikia? Kasema labbaika, nimeitika wito wako." Machozi yalimtoka waziwazi. "Mahujaji wanavuka bahari kuja kulisema neno hilo. Mimi nimeambiwa hapa, nimekaa."

Abu Nasir aliinamisha kichwa. Baada ya neno zito kama hilo, muungwana haulizi mara ya pili. Aliandika Jiddah, akatia saini, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugandamiza.

Bi Nunu alimsogelea Mashavu sikioni.

"Sikukuita uitike," alisema. "Nilikuita unyamaze."

Kariuki alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona muhuri. Hakuwa na Kiarabu hata cha kuombea maji, lakini muhuri ni muhuri. Aligeukia nyuma, akakusanya mikono mdomoni.

"Ussi. Amesign, bwana. Ame-sign kila kitu."

Kule tezi Ussi aliuachia usukani kwa mikono yote miwili. Alipiga makofi, akajifunga kilemba upya, akacheza hatua mbili za ngoma ya msewe mahali ambapo hatua moja ilikuwa haienei. Boti ilianza kwenda inakotaka yenyewe, viboti vikaanza tena kulia, naye hakujali.

"Mashavu," alipiga ukelele juu ya mashine, na watu wa magati ya pande zote mbili wakamsikia. "Usiku huuhuu tunashika njia ya Riyadh. Nimekwishaona kitanda Shumaisi, cha mbao, kina kioo. Waambie kitapita mlangoni, nimepima. Njoo huku uniambie mwenyewe, kaandika nini?"

Mashavu, na Kiarabu chake chote, aliitazama karatasi, akatafuta Kiswahili cha kumjibu mumewe, asikione.